Pensheni Iliyowatosha Wawili

Tarehe 4 Machi

Kwa Shemeji yangu mpendwa na mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote walio chini ya dari yako, pamoja na cherehani yako ambayo nasikia bado inakwenda bila kulalamika. Nami, kwa neema, ni mzima wa viungo vyote, isipokuwa goti la kushoto, ambalo sipendi likuchoshe. Kabla sijasema neno jingine, sina budi kukuomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ya pole niliipokea muda mfupi baada ya kumzika dada yako, na miezi imepita sijaijibu. Nilianza mara kadhaa. Kila nilipofika kwenye neno “marehemu” kalamu iligoma, nami sikuwa na nguvu za kubishana nayo. Uniwie radhi.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua: salio huisha tungali kwenye salamu.

Jambo lenyewe, ambalo naona haya kulitaja kwa mwanamke mwenye kazi nyingi, ni hili. Pensheni yangu ya kiwanda cha chapa cha misheni ni ileile. Haikupungua wala haikuongezeka. Dada yako alipokuwa hai ilitulisha wawili, ikalipa maji na umeme, ikanunua sabuni, ikatoa sadaka, na mwisho wa mwezi alinipa kitu cha kununulia gazeti la Jumapili. Sasa niko peke yangu. Nala kidogo, na kinywaji changu ni chai. Lakini mwezi haujavuka katikati, pochi imekauka. Nimelitazama jambo hili kama nilivyokuwa nikitazama ukurasa wenye kosa kabla haujapelekwa mashineni: kosa limo, herufi zote ziko mbele yangu, ila jicho linateleza juu yake. Inakuwaje kilichowatosha wawili kisimtoshe mmoja?

Ningelifurahia kama fumbo tu, lakini lina uzito. Binti yangu, ambaye tangu msiba hunitumia fedha kila katikati ya mwezi, ameniambia kwa upole kwamba hali hii haifai. Atakuja likizo ya Agosti. Akinikuta bado siwezi kuendesha nyumba, tutaipangisha, nami nitahamia kwake, ghorofa ya nne, katika chumba cha wajukuu. Ana haki, ni mtoto mwema. Ila nakwambia wewe nisichomwambia yeye, Shemeji: sitaki kuhama. Nyumba hii najua ni mlango upi unaolia na ni dirisha lipi linalosukumwa kwa bega. Kule nitakuwa mgeni anayesubiri kuonyeshwa pa kukaa.

Kwa hiyo nakuomba, ikiwa si usumbufu, uniambie dada yako alikuwa akifanyaje. Nimepekua jikoni nikakuta mambo nisiyoyaelewa. Soksi yangu ya zamani imejazwa vipande vya sabuni na kufungwa fundo. Kapu kubwa limejazwa vipande vya blanketi, likaachwa shimo katikati. Nikadhani ni malazi ya paka, na paka naye ameafikiana nami. Ndani ya tangi la choo nilikuta chupa iliyojaa mchanga. Nikaitoa nikaitupa, nikishangaa ni nani aliyeitumbukiza.

Samahani kwa urefu wa barua. Anakuletea dereva wa lori la magodoro, mtu mwaminifu ingawa anavuta sigara.

Ni mimi, shemeji yako mtiifu,
Mpiga Chapa Mstaafu


Tarehe 12 Machi

Shemeji Bwana Samahani,

Shikamoo. Mimi mzima, cherehani nzima, barua yako imefika inanuka sigara. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikalia kidogo, kisha nikaendelea na sare za watu.

Umeitupa chupa! Dada angekuwepo ungelala nje wewe na goti lako. Ile chupa inakalia nafasi ya maji ndani ya tangi. Kila ukivuta, maji kiasi cha chupa yanabaki. Subiri bili ya mwezi huu ikusalimie, kisha tafuta chupa nyingine, ijaze mchanga, kaza kifuniko, irudishe ilipokuwa na uiombe radhi.

Soksi ni ya kunawia mikono na kufulia matambaa. Vipande vya sabuni visivyoshikika peke yavyo, ndani ya soksi vinashikika. Hakuna cha ajabu hapo.

Paka mfukuze. Hilo kapu ni jiko. Ndiyo, jiko! Maharage unayaroweka tangu jana yake. Unayachemsha kama robo saa hivi, yakiwa yanatokota hasa unafunika sufuria, unaitumbukiza kapuni, juu unaweka mto, unaenda zako. Yataiva kwa joto lake lenyewe. Mtungi wa gesi wa dada ulikuwa unakaa mpaka muuza gesi anapita kuuliza kama mmehama.

Haya, sasa vua shati. Usione haya, hakuna anayekuangalia. Angalia kola kwa chini. Umeuona uzi? Kola ikichakaa shingoni, dada alinitumia shati, mimi naibandua, naigeuza, naishona upya upande mzima ukiwa nje. Kila shati lako limeishi maisha mawili. Wenzako kanisani walikuwa wanakusifia unadhifu, na wewe unajibu “asante, asante” kama vile ni jasho lako.

Lakini hayo yote ni madogo. Kosa lako kubwa nitakuonyesha. Nani ananunua vitu siku hizi? Wewe. Na dada alikuzuia kwenda sokoni miaka yote. Ulidhani kwa nini?

Ulidhani ni heshima. Masikini wewe! Alikutuma vitunguu siku moja, ukarudi na vitunguu, tikiti na ufagio, kwa sababu muuzaji alikwambia hajauza kitu tangu asubuhi. Wewe ukitajiwa bei unasema asante. Shemeji, bei ya kwanza si salamu, huitikii! Ukitajiwa, sema hiyo samahani yako, kisha nyamaza. Usieleze. Usiulize habari za nyumbani. Simama tu.

Jaribu, uniandikie. Barua hii anaileta mteja wangu mmoja, mpishi wa shule, anakuja huko kwa mazishi ya shangazi yake. Mpe chai, usimpe nauli.

Shemeji yako,
Fundi Cherehani


Tarehe 6 Aprili

Kwa Shemeji yangu mheshimiwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na shukrani ambazo karatasi hii haitoshi kuzibeba. Naomba radhi kwa kukaa kimya; nilitaka kwanza kujaribu maagizo yako yote ndipo nikupe taarifa kamili, kama ilivyo desturi ya mtu aliyetumwa.

Chupa imerudi tangini. Bili ilikuwa imekwisha kunisalimia.

Kapu limenifundisha adabu. Mara ya kwanza nilifanya ulivyoelekeza, nikaketi karibu nalo. Baada ya muda nikataka kujua mambo yamefika wapi, nikainua mto, nikafunua sufuria, nikatazama, nikafunika. Nikaketi. Nikafunua tena. Unielewe: sijawahi kuona chungu kikipika bila moto, nikataka kuikuta kazi ikitendeka. Jioni nilikula maharage yaliyogonga meno kama kokoto, na paka alinitazama kwa dharau. Mara ya pili nilifunika kapu, nikatoka kwenda mazoezi ya kwaya ili nisiwe na pa kuweka mikono. Niliporudi yalikuwa laini kabisa. Nilisimama jikoni na kijiko mkononi nikicheka peke yangu. Kumbe joto nalo, likiachwa bila kuulizwa maswali, hufanya kazi yake.

Mashati niliyatandika yote kitandani, kola juu. Nilikaa nayo kitambo. Zaidi ya hapo sina la kuandika.

Kuhusu soko, nasikitika. Nilitajiwa bei ya nyanya. Nikasema, “Samahani sana.” Nikanyamaza, naapa nilinyamaza. Lakini kimya kile kilikuwa kizito mno, yule bwana akanitazama, nami nikajikuta nikimuuliza watoto wake wanaendeleaje. Nilitoka na nyanya kwa bei yake, na tikiti.

Mwezi wa Machi ulifika mbali kuliko Februari, ila haukufika mwisho. Lipo shimo jingine nisiloliona, na katika kulitafuta nimekuta mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza: nyuma ya mlango wa stoo, ndani ya kitambaa cha unga, imening'inia mizani ya ndoano, nzuri, iliyopakwa mafuta. Dada yako hakuwa akiuza kitu. Mizani ya nini?

La pili linaniuma zaidi. Majirani watatu waliokuwa wakija kwake hawaji tena. Ni Muuguzi wa zahanati, anayekaa nyumba ya pili. Mama Pacha, wa ng'ambo ya barabara. Na mke wa fundi baiskeli. Wakiniona, wanainamisha uso na kuharakisha. Nimejipekua nisione nilichowakosea. Juzi, nikiwa upande wangu wa ua, nilimwomba Muuguzi radhi, kwa jumla, kwa lolote lile. Akasema, “Hapana, Mzee, hapana!” akaingia ndani kama anayekimbia, huku ameacha nguo zake kwenye kamba na mvua inaanza.

Ikiwa unajua kosa langu, nieleze bila kunionea huruma.

Barua hii inakuja na yule mpishi wa shule anaporudi. Alikunywa chai. Nauli hakuomba, ila nilimpa nusu ya tikiti.

Ni mimi, shemeji yako mwenye shukrani,
Mpiga Chapa Mstaafu


Tarehe 15 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Baba ameniambia mnaandikiana, na alichangamka alipokuwa anasema, mpaka nikashangaa. Sasa nakuomba wewe uniambie ukweli, maana yeye ukimuuliza hali anasema “tunashukuru” hata kama anaungua. Anaweza kuishi peke yake au hawezi?

Na kuna jingine, hili libaki kwako. Mume wangu amepunguziwa siku za kazi kiwandani tangu Januari. Ninachomtumia Baba nakitoa kwenye ada ya watoto. Siwezi kuacha kumtumia na siwezi kuendelea. Akija kwangu tutakula sufuria moja, na nyumba yake ikipangishwa kodi itatuinua. Nimewaza mpaka nimechoka. Sioni pengine pa kushika.

Baba asijue hata chembe. Ukimwambia tu kwamba tunabanwa, ataacha kula ili asitusumbue, na ataomba radhi kwa kuwa hai. Unamjua.

Barua hii nimempa jirani yangu, anakuja kwako kushonesha gauni la harusi ya mdogo wake.

Mwanao


Tarehe 19 Aprili

Shemeji,

Shikamoo. Leo sina utani mwingi.

Hukumkosea mtu. Hiyo mizani ndiyo shimo unalolitafuta. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wewe ukiwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, dada na hao watatu walikuwa wanachanga, wananunua gunia la mchele, gunia la maharage na dumu la mafuta kwenye duka la jumla, wanagawana jikoni kwako kwa mizani hiyo. Ukirudi, sakafu imefagiliwa na dada anakuuliza kikao kimekwendaje. Wewe siku hizi unanunua kwa kopo dukani. Kopo lina tumbo la uongo, Shemeji.

Utauliza kwa nini ulifichwa. Uliwahi kurudi mapema. Ukamkuta Mama Pacha na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Ukasema mwenye wawili aongezewe, ukachota kwenye fungu lenu. Mke wa fundi baiskeli naye akakumbuka mgongo unamuuma, ukachota tena. Mwezi ule dada alikukorogea uji mpaka ukauliza kama ni Kwaresima. Akaapa gunia halifunguliwi mbele yako.

Tangu msiba hawajapima. Mizani ni ya dada, na wanaona haya kumgongea mgane mlango kuomba kitu cha marehemu. Tena wanajua wakiomba utawapa mizani yenyewe, na kiti juu yake, halafu mtaa useme wamekunyang'anya. Wakikuona roho inawasuta. Hiyo ndiyo siri, hakuna nyingine.

Nenda kawaite. Usingoje Juni. Agosti si mbali, na nyumba hiyo isimame kwa miguu yake kabla haijafika. Usiniulize kwa nini nakukimbiza.

Barua anayo fundi umeme anayekuja kwenu kufunga taa za zahanati.

Shemeji yako,
Fundi Cherehani


Tarehe 12 Juni

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi za heshima zikufikie. Naomba radhi, si kwa kuchelewa tu, bali pia kwa kicheko utakachokipata hapa chini kwa gharama yangu.

Niliona si adabu kuwaita akina mama barabarani. Kwa hiyo nilimwandikia kila mmoja barua rasmi, yenye tarehe, anwani, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: “Kuh: Mizani.” Nikazipitisha chini ya milango yao.

Mama Pacha, nasikia, aliisoma mpaka kwenye ule mstari akaishia hapo. Alikwenda nayo mbio kwa Muuguzi, akisema, “Mzee anatushtaki!” Mke wa fundi baiskeli akawakuta huko na yake, hajaifungua. Wakaja wote watatu, wakasimama mlangoni pangu kama wanakwaya waliosahau wimbo.

“Mzee,” akasema mke wa fundi baiskeli, “kama ni kesi, tuimalize hapahapa. Mizani yako hatujaigusa.”

“Samahani sana,” nikasema, “ni mwaliko.”

“Mwaliko una ‘Kuh’?” akauliza Mama Pacha.

Muuguzi alicheka akashika fremu ya mlango. Wengine wakafuata, nami nikacheka mwishoni, na katikati ya kicheko hicho mke wa fundi baiskeli akaanza kulia, akasema, “Tumemkosa dada, Mzee.” Nikawakaribisha jikoni. Hatukupima kitu siku hiyo.

Jumamosi ya kwanza ya Mei tulinunua. Nikaomba ruhusa kwenye kikao cha wazee. Mafungu manne yalipokuwa mezani, mtoto mmoja wa Mama Pacha akakohoa, na mkono wangu, bila kunishauri, ukachukua kopo ukaelekea kwenye fungu langu. Muuguzi akanichapa kibao cha mkono.

“Mikono nyuma, Mzee!”

“Ni kidogo tu, mtoto anakohoa.”

“Anakohoa kwa vumbi la mchele. Mikono nyuma! Wewe soma mizani.”

Ndiyo kazi yangu sasa. Nasimama mikono nyuma, nasoma mshale kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma chapa ya kwanza mbele ya mhariri. Wameniambia kwamba katika miezi ya kugawana kwa makadirio waligombana mara mbili na kununiana mara nyingi. Macho yangu wanayaamini. Mke wa fundi baiskeli anasema mtu anayemwomba paka radhi hawezi kuiba mchele. Muuguzi naye ameniletea mche wa mnaana uliokatwa kwenye bustani ya zahanati, na sasa sinunui majani ya chai kila wiki.

Sokoni pia kumetokea jambo. Nilitajiwa bei ya viazi. Nikasema samahani yangu, nikatazama viatu vyangu, nikanyamaza. Yule bwana akashusha bei. Nilishangaa mno nikakosa la kusema, naye akashusha tena.

Shemeji, Mei imekwisha kabla ya pochi. Fedha alizonitumia binti yangu mwezi ule sikuzigusa. Nimezitia kwenye bahasha, na za Juni zitaifuata humo. Sijamwambia. Nataka aone kwa macho yake, maana kwa maneno yangu hujua nasema “tunashukuru” katika kila hali.

Uliniambia nisikuulize kwa nini unanikimbiza. Sijakuuliza. Ila nafsi yangu inauliza kila siku, kama nilivyofanya na kapu.

Barua hii anaileta Muuguzi, anayekuja huko kwa semina.

Ni mimi, shemeji yako,
Mpiga Chapa Mstaafu


Tarehe 30 Julai

Shemeji,

Shikamoo. Muuguzi wako tumekaa naye mpaka chai ikapoa, ni mtu. Suruali yake nimempunguzia kiuno bure.

Mwanetu anafika kwako wiki ya pili ya Agosti. Usimchinjie kuku, usikope sahani za watu. Mwache afungue makabati mwenyewe. Akikuuliza, mjibu. Akinyamaza, usimuulize, hata ukiwashwa ulimi.

Nampa dereva wa magodoro. Bado anavuta.

Fundi Cherehani


Tarehe 21 Agosti

Kwa Shemeji yangu mpendwa sana,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, na nakuomba radhi kwamba barua ya Julai inajibiwa leo. Nyumba ilikuwa na mgeni, nami sikutaka kuandika habari zake akiwa chumba cha pili.

Alifika na begi dogo. Alinikumbatia, akanipapasa mbavu kama mtu anayechagua mbuzi, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimwacha. Akafungua makabati, akainua mifuniko, akaonja maharage. Kisha akanigeukia, na uso wake haukuwa na furaha niliyoitarajia.

“Baba, nani anakulisha?”

Nikasema najilisha. Hakuamini. Alidhani majirani wananipa sadaka, na jioni Mama Pacha alipopita kurudisha chujio alimshika papo hapo mlangoni.

“Dada, asanteni kwa kumsaidia Baba, lakini si haki tuwabebeshe mzigo.”

“Tumsaidie?” akasema Mama Pacha. “Sisi? Mwenzangu, huyu akiondoka tutang'oana nywele Jumamosi ya kwanza tu. Mkitaka kumchukua mchukueni, ila macho yake mtuachie.”

 Kuanzia hapo binti yangu akawa ananifuata. Hapo ndipo, Shemeji, nilipoanza kuona kitu.

Mwanzoni nilidhani ananikagua. Lakini aliniuliza maharage yanakaa kapuni muda gani, na baadaye akaniuliza tena, na asubuhi nikaona ameandika kwa kalamu kwenye kiganja. Sokoni alisimama nyuma yangu, nikasema samahani yangu na kunyamaza, na nilipomaliza naye akanunua vilevile, akinyamaza vilevile, tena kwa uhodari kunishinda. Tulipofika kwenye habari ya gunia akaniomba bei ya jumla, akakokotoa kimoyomoyo huku midomo ikicheza. Nimesoma midomo ya wasomaji chapa maisha yangu yote. Alikuwa akigawa kwa watano. Nyumbani kwangu kuna mlaji mmoja. Kwake wako watano.

Ulimi uliniwasha, kama ulivyosema utawasha. Sikumuuliza.

Siku ile jioni nilimpa bahasha. Nikamwambia, “Mwanangu, hizi hazikupata kazi hapa. Tangu Mei nazitazama tu. Ukizirudisha nyumbani utanipunguzia wasiwasi wa wezi.”

Aliipokea bahasha. Kisha akaichukua sufuria iliyokuwa safi, akaanza kuiosha upya, amenipa mgongo.

Nikamwambia pia, nikiwa naukunja mkeka ili nisimtazame, kwamba Muuguzi ana mwenzake mpya zahanati, msichana mtulivu anayetafuta chumba. Kwamba chumba cha mbele hakina kazi tangu dada yako aondoke. Na kwamba mtu mzima kama mimi hana matumizi ya kodi ya chumba. Ikiwa hataona vibaya, kodi hiyo iende moja kwa moja kwa wajukuu, wanunuliwe matunda au lolote ambalo watoto huhitaji shuleni siku hizi, mimi sijui.

“Unajua wewe, Baba,” akasema, bado amenipa mgongo.

“Samahani?”

“Hakuna kitu.” Maji yakaendelea kutiririka mpaka nikamkumbusha bili. Hapo akacheka, akafunga bomba, akageuka. Macho yalikuwa mekundu, nami nikasema ni moshi, ingawa jikoni kwangu hakuna moshi.

Habari ya kupangisha nyumba na ghorofa ya nne haikutajwa tena. Asubuhi ya leo amefunga begi lake, na kitanda changu kiko mahali pake.

Shemeji, sasa naelewa ulichonikimbizia, na kwa nini hukusema. Ulikuwa umeshika siri ya mtu, nawe ulinikimbiza bila kuimwaga. Sitakuuliza ulijua nini wala tangu lini. Nakushukuru kwa yote uliyonifundisha, na zaidi kwa hilo ambalo hukuliandika.

Barua hii anakuletea binti yangu mwenyewe, peke yake. Atakwambia amepita kukusalimu tu. Ana sare tatu za watoto ndani ya begi, fupi za mikono, na ataona haya kuzitoa mpaka utakapoinuka kwenda kumletea chai. Naomba kwa hisani yako umwamini kwamba amekuja kusalimu, kisha umwombe akusaidie kushika kitambaa wakati unairefusha mikono hiyo.

Ni mimi, shemeji yako anayekuheshimu,
Mpiga Chapa Mstaafu